Maisha ya Leakey Yatufunze Kulinda Mahali pa Kale

Mwanafunzi aliyepata kuzuru Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi hukumbuka sanamu ya mtu aliyeketi nje ya jengo, mkononi ameshika shoka la jiwe. Huyo ni Louis Seymour Bazett Leakey. Vitabu vyetu vya historia vimemtaja kwa miaka mingi pamoja na mafuvu ya kale, na mwanafunzi akiulizwa habari zake katika mtihani hutaja Olduvai, akautaja mwaka wa 1959, kisha akaweka kalamu chini. Jibu hilo lina upungufu. Kwanza, fuvu la 1959 liligunduliwa na mkewe, Mary. Pili, lipo jambo jingine katika maisha ya Leakey ambalo naliona kuwa na faida kubwa zaidi kwa walimu na wanafunzi wa leo. Mtu huyu alifunzwa kwa fedheha kwamba kitu cha kale hupoteza thamani yake ya kielimu pale mahali kilipotoka panapokosa kujulikana. Baada ya kufunzwa hivyo, alishiriki kutuachia mahali pa kale palipolindwa papo hapo palipo, si mbali na Nairobi. Somo hilo alilolipia ghali, sisi bado hatujalihitimu.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, magharibi mwa Nairobi, katika misheni ya Kianglikana. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari aliyeongoza kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Wakati huo Nairobi ilikuwa kambi ya reli iliyoanza kujigeuza mji, na Kabete ilikuwa mashamba, misitu na makorongo. Mtoto huyo alikua pamoja na watoto wa Kikikuyu, akakisema Kikikuyu kama wao, akaingizwa katika rika lao na kupewa jina la Wakaruigi. Katika maisha yake yote alipenda kudai kwamba alikuwa Mkikuyu kwa malezi ingawa ni Mwingereza kwa damu. Dai hilo tutalirudia baadaye, maana lilikuja kujaribiwa vikali.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, alipewa kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya watu wa enzi za mawe. Tangu hapo macho yake yakawa chini. Kandokando ya barabara na katika makorongo ya Kabete akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo wataalamu huliita obsidiani. Wenyeji walivijua vipande hivyo na kuviita nyembe za ngoma. Hapa msomaji wa Kiswahili asipotee: ngoma katika Kikikuyu ni mizimu, wala si ile tunayoipiga na kuicheza. Maelezo yao hayakuwa upuuzi mtupu, kwa sababu mvua kubwa ndiyo iliyomomonyoa udongo na kuvifichua vipande hivyo, hata vikaonekana kana kwamba vimeshuka pamoja nayo.

Kijana huyo aliyapeleka mawe yake kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho madogo ya Nairobi. Makumbusho hayo yalikuwa yameanzishwa mwaka wa 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, katikati ya mji, mahali ambapo leo pamesimama jumba la Nyayo. Baadaye, mwaka wa 1922, yalihamishiwa ilipo sasa hoteli ya Serena, na mwaka wa 1930 yakafunguliwa kwenye kilima ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina la makumbusho hayo. Loveridge hakumcheka mtoto. Aliyatazama mawe, akathibitisha kwamba baadhi yake yalikuwa zana za watu wa kale, tena akamhimiza kuandika kumbukumbu za kila alichookota. Walimu wapimwe kwa mfano huo: mtu mzima mmoja aliyelichukua kwa uzito swali la mtoto alichangia kuibadilisha taaluma nzima.

Mwaka wa 1922 Leakey aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Sisi wanaisimu tunakipenda kisa chake cha huko. Wanafunzi wa masomo aliyoyachagua walitakiwa kutahiniwa katika lugha mbili za kisasa. Leakey alichagua Kifaransa na Kikikuyu, akasisitiza kwamba Kikikuyu nacho ni lugha kama nyingine. Inasimuliwa kwamba alileta cheti cha kuthibitisha umilisi wake, kilichotiwa alama ya kidole gumba na Chifu Koinange. Chuo kilikubali. Katika zama ambazo lugha zetu zilihesabiwa kuwa lahaja za washenzi, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka wa 1923 aliumia kichwa katika mchezo wa raga, na daktari akamwamuru aache masomo kwa muda. Mwaka uliofuata akaenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, katika msafara wa kufukua mifupa ya dinosaria. Huko ndiko alikojifunza kazi yenyewe ya mikono: kufukua polepole, kuifunga mifupa isivunjike, na kuwaongoza wafanyakazi. Alihitimu mwaka wa 1926, akarudi Kenya na msafara wake wa kwanza, akafanya kazi pande za Nakuru na Elmenteita. Kabla hajatimiza miaka thelathini alikuwa amekwisha kupata jina Ulaya. Pamoja na sifa hizo, alikuwa na kasoro moja: haraka.

Mwaka wa 1932 msafara wake ulikuwa Kanam na Kanjera, kusini mwa Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria. Mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha utaya wa binadamu. Leakey aliamini kwamba utaya huo ulikuwa wa kale mno na kwamba ungethibitisha kuwa mwanadamu wa kweli aliishi Afrika mapema kuliko wataalamu walivyodhani. Mwaka wa 1933 mkutano wa wataalamu huko Cambridge ulimuunga mkono. Percy Boswell, profesa wa jiolojia mjini London, hakuridhika. Alitaka kuonyeshwa mahali hasa ulipotoka utaya ule, na katika tabaka lipi la udongo.

Boswell alifika Kanam mapema mwaka wa 1935. Leakey alikuwa ameacha vigingi vya chuma vya kuonyesha mahali, lakini vilikuwa vimekwisha kung'olewa na wenyeji, ambao kwao chuma kilikuwa mali ya kutengenezea mikuki na ndoana. Mvua za misimu kadhaa zilikuwa zimebadilisha sura ya makorongo. Picha zake mwenyewe ziliharibika, na picha aliyoiazima kwa mwenzake ilibainika kuwa ya mahali pengine. Ramani ya kina haikuwapo. Mtu aliyeushangaza ulimwengu kwa ugunduzi wake alizunguka katika makorongo yale asiweze kunyoosha kidole na kusema kwa hakika kwamba ni hapa. Mwezi wa Machi mwaka huo Boswell aliyatangaza hayo katika jarida maarufu la sayansi. Jina la Leakey likaporomoka, na matumaini yake ya kupata kazi ya kudumu Cambridge yakafifia, hasa kwa kuwa wakati huohuo ndoa yake ya kwanza ilikuwa inavunjika.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Ukilitoa neno katika sentensi na kumpa mtu peke yake, huwezi kumlaumu akikosa kuelewa maana yake. Neno kaa, kwa mfano, ni kuketi, ni mnyama wa pwani, tena ni kipande cha mkaa; kinachotuamulia ni maneno yaliyo jirani nalo. Ndivyo ulivyo mfupa wa kale, na ndivyo lilivyo jiwe lililochongwa. Maana yake imo katika tabaka lililolala juu yake, tabaka lililo chini yake, na vitu vilivyo kando yake. Tabaka la majivu ya volkeno huweza kupimwa umri wake. Jiwe peke yake mara nyingi haliwezi. Kwa hiyo mpimaji wa mahali pa kale hufanya kazi ambayo kwa nje haina mvuto. Hutembea kwa mistari iliyopangwa, akatazama palipomomonyoka. Akikuta kitu hakiokoti kwanza. Hukiwekea alama, akakipiga picha, akakipa namba, akapima umbali wake kutoka alama isiyohama. Hugawa uwanja katika miraba, akachora kila mraba na vilivyomo. Siku hizi vipo vifaa vya setilaiti vinavyorahisisha kazi hiyo, lakini kanuni ni ileile.

Tukio la Kanam lina funzo la pili, nalo husahauliwa. Kigingi ambacho jirani haelewi maana yake ni chuma tu. Si haki kuwalaumu wavuvi wa Kanam. Mahali pa kale hapalindwi na alama peke yake. Hulindwa na watu waishio hapo, wakijua kilichopo na wakikiona kuwa chao.

Leakey alirudi nyumbani akiwa na mke wake wa pili, Mary, waliyefunga ndoa mwishoni mwa mwaka wa 1936. Mary hakuwa na shahada, lakini alikuwa mchoraji hodari na mtu wa subira. Kwa maoni yangu hapo ndipo bahati ya Leakey ilipogeuka, maana Mary alikuwa na kile ambacho mumewe alikosa. Wakati Louis alipokuwa akikusanya habari za mila za Wakikuyu, kazi iliyochapishwa katika mabuku matatu mwaka wa 1977 baada ya kifo chake, Mary alifukua Hyrax Hill karibu na Nakuru. Mwaka wa 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Leakey akifanya kazi ya upelelezi ya serikali, huku akiyasimamia makumbusho bila malipo kuanzia mwaka wa 1941. Aliyafungua kwa watu wa rangi zote, jambo lisilokuwa la kawaida katika Nairobi ya ubaguzi. Siku za mapumziko yeye na Mary walishuka Bonde la Ufa. Wakati wa Pasaka ya mwaka wa 1942 walifika Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, kilomita 70 hivi kusini-magharibi mwa Nairobi. Mjiolojia J. W. Gregory alikuwa ameokota mashoka ya mawe pande hizo mwaka wa 1919, lakini mahali penyewe palikuwa pamesahauliwa. Wakagawana uwanja, kila mmoja akatembea upande wake. Walichokuta kiliwaduwaza: mamia ya mashoka ya mkono yamelala juu ya ardhi, mengi yakiwa karibu kama yalivyoachwa na waliyoyachonga.

Leakey wa mwaka wa 1932 yamkini angejaza masanduku na kwenda zake. Safari hii uamuzi ulikuwa mwingine. Mahali palipimwa, pakachorwa, pakafukuliwa, baadhi ya kazi ikifanywa na mateka wa vita wa Kiitalia. Sehemu yenye mashoka mengi zaidi iliachwa kama ilivyo, kukajengwa kijia cha mbao kilichoinuliwa ili mgeni apite juu bila kukanyaga. Mwezi wa Januari mwaka wa 1947 Leakey aliitisha Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale, na wajumbe wakapelekwa kujionea. Mwaka huohuo Olorgesailie, iliyo katika nchi ya Wamaasai, ikawa hifadhi ya taifa, mwaka mmoja tu baada ya ile ya wanyama ya Nairobi. Mwaka uliofuata magofu ya Gede huko pwani yakapata ulinzi wa namna hiyohiyo chini ya James Kirkman. Ukaingia nchini mwetu wazo kwamba hifadhi ya taifa si ya simba na twiga peke yao. Hata mawe yasiyokwenda popote yanahitaji mlinzi.

Faida ya uamuzi huo haikuonekana siku moja. Miaka ya 1960 Glynn Isaac, kijana mzaliwa wa Cape Town, alifanya kazi Olorgesailie kwa njia mpya, akiuliza maswali ambayo Leakey hakuwa ameyafikiria. Tangu mwaka wa 1985 Rick Potts na wenzake, wakishirikiana na makumbusho yetu, wameendelea kupima tabaka za bonde hilo. Leo tunajua kwamba mashoka yale yalitengenezwa kati ya miaka milioni 1.2 na 500,000 hivi iliyopita. Mwaka wa 2018 walitangaza kwamba zaidi ya miaka 300,000 iliyopita watu wa hapo walikuwa wakitumia rangi za udongo na kuleta obsidiani kutoka mbali. Jiwe ni lile lile la nyembe za mizimu ambazo mtoto wa Kabete aliokota. Maarifa hayo yasingepatikana kama waliotangulia wangekwangua kila kitu. Kuhifadhi ni kukubali kwamba atakuja mwingine mwenye vyombo bora na maswali bora kuliko yako.

Simsimulii Leakey ili aabudiwe. Katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwaka wa 1952 dhidi ya Jomo Kenyatta na wenzake, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa mahakama. Mawakili wa utetezi walizilalamikia tafsiri zake, naye akajitoa. Aliishauri serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, akaandika vitabu vya kuunga mkono msimamo huo. Aliyejiita Mkikuyu kwa malezi alisimama upande mwingine siku ya majaribu. Hata kasoro ya haraka haikumwacha: katika miaka yake ya mwisho alishikilia kwamba mawe ya Calico, huko California, yalikuwa zana za watu wa kale sana, na Mary mwenyewe hakukubaliana naye.

Zaidi ya hayo, sifa zake nyingi ni za kugawana. Heselon Mukiri, rafiki yake wa Kabete, alifukua pamoja naye kwa miongo kadhaa, na macho yake yaliona visukuku vingi ambavyo dunia ilivihesabu kuwa vya bwana mkubwa. Kamoya Kimeu alianza kazi kwa akina Leakey huko Olduvai, na mwaka wa 1984 akagundua karibu na Ziwa Turkana kisukuku mashuhuri cha kijana wa Nariokotome. Kimeu alifariki mwaka wa 2022. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina lake?

Leakey aliacha uongozi wa makumbusho mwaka wa 1961, akaanzisha hapo Nairobi kituo cha utafiti wa historia ya kale. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, mwendo mfupi kutoka alikozaliwa. Mary alifariki Nairobi mwaka wa 1996.

Sasa tujiulize hali yetu. Kabete ya Leakey leo ni nyumba za ghorofa. Ukitoka Westlands kwa barabara ya Waiyaki, ukapita Kangemi, Uthiru na Kinoo, utaona misingi ikichimbwa kila upande, na matingatinga yanachimbua kwa siku moja udongo uliolala maelfu ya miaka. Nani anayetazama kilichomo? Sheria tunayo. Ya kwanza ilitungwa mwaka wa 1927, ikafuatwa na nyingine, na inayotumika sasa ni ya mwaka wa 2006. Sheria hiyo humtaka anayegundua kitu cha kale kutoa taarifa kwa makumbusho na kueleza mahali hasa alipokipata. Zingatia maneno hayo, mahali hasa: ndilo swali lililomshinda Leakey mbele ya Boswell. Lakini sheria isiyojulikana na mwenye jembe ni sawa na vile vigingi vya Kanam.

Maoni yangu ni haya. Wakaguzi wa ujenzi wasiidhinishe mradi mkubwa kabla uwanja haujatembelewa na mtu anayejua kutofautisha jiwe na zana. Wenyeji waishio kando ya hifadhi kama Olorgesailie wawe wa kwanza kuajiriwa na wa kwanza kufundishwa, kwa kuwa watafiti huja na kuondoka na wao hubaki. Nanyi walimu, msingoje basi la ziara ya makumbusho. Wapelekeni wanafunzi nje ya ua la shule baada ya mvua, wakiwa na daftari, kamba na penseli. Wafundisheni kupima mraba, kuchora walichokiona, kuandika tarehe na mahali, kisha kukiacha kitu pale kilipo na kutoa taarifa. Mwanafunzi akileta jiwe darasani, swali la kwanza lisiwe ni nini hiki, bali umelitoa wapi.